Turubai Juu ya Gari la Baba

Baba alikubali kwenda Mbeya kutolewa mtoto wa jicho kwa sharti moja, na sharti lenyewe halikuhusu macho. Lilihusu gari. Asubuhi ya safari alisimama uani na koti lake zito, kofia ya sufu ameishusha mpaka masikioni kwa sababu baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba haina heshima kwa mzee, akaweka kiganja juu ya boneti na kuniambia:

"Mama, nikirudi nilikute hivi hivi. Nikikuta limechubuka, hilo jicho la pili walisahau. Sitoki tena kwenye nyumba hii."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Hilo halijawahi kunipa upendeleo wowote. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, nafundisha sekondari, nimeshavuka arobaini, na nikikohoa tu darasani kelele zinaisha. Lakini kwenye kuliosha gari lile nilikuwa sijawahi kuaminiwa hata kushika kitambaa.

Wala hakuwa anatania. Kwa miaka mitatu tulikuwa tunambembeleza. Macho yote mawili yalikuwa yameingia weupe, na tulishaelezwa kwamba litafanywa moja kwanza, arudi nyumbani apumzike, kisha aende tena kwa la pili. Kila tulipoanza mazungumzo hayo, baba alikuwa na jibu lake moja: nani ataliangalia gari? Mdogo wangu anayeishi Mbeya ndiye aliyemtafutia nafasi, akaja mwenyewe kumchukua kabla hajabadili mawazo. Kwa hiyo niliposimama pale uani nikisema "sawa baba, nimekuelewa", nilijua vizuri nimekabidhiwa nini. Gari likiharibika, baba yangu angebaki na jicho moja kwa ubishi, na mimi ndiye ningekuwa nimemsababishia. Nikawasindikiza stendi, nikarudi, nikalitazama lile gari kwa chuki.

Ni saluni ya Kijapani, bluu iliyokolea, rangi inayoonyesha kila alama ya kidole. Baba aliendesha magari ya ofisi maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alinunua hili ili na yeye awe na gari lisilo na bosi wa kumfungulia mlango. Tangu hapo Jumamosi ya nyumbani kwetu ikawa siku ya gari. Kanuni zake tulizijua wote, kwa sababu alizisema kwa sauti huku mikono inafanya kazi. Gari halioshwi juani. Vumbi halifutwi likiwa kavu, liwe jingi liwe kidogo; linamwagiwa maji kwanza mpaka lilainike na kuteremka lenyewe. Ndoo ni mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, maana kitambaa kikirudi kwenye sabuni na mchanga wake, utakuwa unalisugua gari kwa mchanga. Unaanza juu ya paa unashuka, na kitambaa cha matairi hakipandi juu hata kwa bahati mbaya. Sabuni ya unga ya kufulia ni marufuku. Mwisho ni waksi kidogo tu, inapakwa kwa miduara, inaachwa ikauke, inafutwa.

Mama yangu, ambaye kila kitu anakipima kwa jembe, alikuwa akipita na karai lake la mboga na kumwambia, "Hilo gari lingekuwa mtoto, lingeshapata kipaimara." Baba aliendelea kusuuza kitambaa.

Macho yalipoanza kufifia aliacha kuendesha, bila kulazimishwa na mtu. Jumapili moja alinipa funguo mlangoni, akazunguka akakaa kiti cha abiria, na tangu siku hiyo mimi ndiye dereva wa kwenda kanisani. Ila kuosha hakuacha. Badala yake alizidisha. Akaanza kulalamika kwamba rangi inapauka, kwamba kuna kitu kama ukungu kimekaa juu ya boneti na hakitaki kutoka. Akasugua. Akanunua makopo mengine, ya polishi, akasugua zaidi. "Njoo uangalie," alikuwa akiniita, "linang'aa?" Mimi nilikuwa nikiangalia kutoka mlangoni, daftari za wanafunzi mkononi, nasema linang'aa, baba. "Muongo," anasema, na mkono unaendelea. Sikuwa muongo. Nilikuwa na haraka zangu, na sikutaka kusogea karibu.

Jumamosi ya kwanza bila yeye niliosha mimi. Maji ya bombani asubuhi ya mwezi wa saba yanauma mpaka kwenye mifupa ya vidole, na nilianza kazi ile nikisonya. Lakini nilifuata kila kitu: ndoo mbili, kivulini, kutoka paa kushuka. Nilipofika kwenye milango nikagundua kwamba sisonyi tena. Kuna raha fulani ya kuona rangi inatokea chini ya vumbi, kipande kwa kipande, na unajua ni wewe umeitoa. Nikapiga picha, gari limesimama mbele ya mahindi yetu ya nyuma ya nyumba, mabua makavu bado hayajakatwa, nikamtumia mdogo wangu amsimulie mzee. Akanijibu kwamba baba ameuliza kama ndoo zilikuwa mbili.

Wiki iliyofuata mavuno yakaingia. Shamba letu kubwa liko Pito, nje ya mji, na mwaka ule mahindi yalikuwa yamekubali kuliko tulivyotegemea. Stoo ikajaa mpaka mlango ukafungwa kwa bega, na magunia mengine yakabaki uani yamepangwa ukutani. Mama akayatazama magunia, akalitazama banda la gari.

"Toa hilo gari."

"Mama, baba alisema lisilale nje."

"Amesema yeye. Wezi hawajamsikia. Mahindi yanaliwa, gari haliliwi. Litoe."

Nimeshabishana na wakuu wa shule na nimeshabishana na maofisa wa elimu, lakini sijamuona bado mtu wa kubishana na mwanamke wa Kifipa mwenye magunia nje. Nikalirudisha nyuma taratibu mpaka uani, magunia yakaingia bandani, na gari la baba likabaki juani na kwenye vumbi kama gari la mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Tulikuwa na turubai kubwa, lile la kupuria ulezi, na kazi ya kupura ilikuwa imekwisha siku mbili kabla. Tukalikung'uta mara tatu, mimi upande mmoja na mama upande wa pili, mpaka makapi yakatuingia puani. Nikalitandika juu ya gari lote. Nikafunga kamba kila pembe, nikazipitisha chini ya bampa mbele na nyuma, nikakaza. Kisha nikarudi hatua kadhaa kutazama kazi yangu, mikono kiunoni. Nilisema moyoni kwamba hata baba mwenyewe hajawahi kulilinda hivi.

Yeyote aliyewahi kupura ulezi anajua kwamba turubai la kazi hiyo halisafiki. Mchanga wa uwanjani unapigwa fimbo pamoja na ulezi mpaka unajishindilia kwenye nyuzi, na vikapi vidogo vyenye ncha vinajichoma humo na kubaki. Nilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana kwetu hakuna mtu anayekubali kulala juu ya turubai lile hata awe amechoka vipi. Nilijua, na sikuunganisha. Akili yangu ilikuwa imejaa jua na vumbi la nje, haikufikiri kabisa juu ya upande wa ndani.

Na upepo. Mtu wa Ufipa sihitaji kumwelezea. Katika miezi ile unaanza asubuhi jua likipanda, unavuka uwanda huu mzima bila kukuta kitu cha kuuzuia, na unaachia jioni. Siku tisa nilikaa mezani nikisahihisha mitihani na kusikia turubai likipigapiga pale nje, na kila nilipolisikia nilifurahi. Nilidhani hiyo ndiyo sauti ya gari linalolindwa.

Jumamosi iliyoangukia katikati niliiruka, maana gari limefunikwa; iliyofuata nililifungua ili nilioshe. Mwanzoni nilidhani ni vumbi. Nikamwagia maji, rangi ikarudi yote, nzuri kabisa, nikashusha pumzi. Maji yalipokauka, ikaondoka tena. Paa lote, mabega ya milango, boneti yote, kila mahali turubai lilipokuwa na nafasi ya kucheza, palikuwa na mikwaruzo midogo midogo isiyohesabika, mingine mistari, mingine miduara, imepishana na kusigana. Lilikuwa kama kitako cha sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikalia. Sioni haya kusema. Nililia kwa hasira ya kujiharibia mwenyewe, na nililia kwa sababu ya jicho la baba.

Mama akatoka jikoni akaja akasimama. Alilitazama gari kwa muda mrefu, halafu akalitazama turubai pale chini.

"Tumefanya nini," akasema.

Nilishukuru sana kwa lile "tu" lake, maana alikuwa na haki ya kulikwepa.

Mchana uleule mdogo wangu akapiga simu akipiga kelele za furaha. Jicho la kulia lilikuwa limefanywa katikati ya wiki, na sasa mzee alikuwa anaona. Anasoma kalenda ukutani kutoka kitandani! Amemwambia mjukuu wake kwamba ana pengo! Mama alishangilia kwa vigelegele viwili vitatu hapo hapo, nami nikashangilia naye, na furaha yangu ilikuwa ya kweli, ila nyuma yake kulikuwa na hofu. Kisha nikasikia sauti ya baba mwenyewe.

"Nitumie picha ya gari. Nataka niione mwenyewe."

Nikamtumia ile ya Jumamosi ya kwanza. Haikupita dakika tano simu ikaita.

"Mama, hayo mahindi ya nyuma ya gari hamjavuna mpaka leo?"

Nikasema haloo, haloo, nikasingizia mtandao, nikakata. Mama alikuwa amekaa mkabala nami akichambua maharage. Akainua macho akasema, "Basi kweli anaona."

Baba angerudi Alhamisi ya wiki ya pili baada ya pale. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa fundi rangi aliyeko upande wa kwenda Kasense, mtu mkimya, wa makamo, ambaye kazi yake hasa ni kusafisha na kutunza rangi za magari, si kupiga rangi mpya. Nilifika pale na maelezo marefu niliyokuwa nimeyapanga njiani. Hakuyahitaji. Alilizunguka gari mara moja.

"Lilifunikwa hili."

"Ndiyo."

"Turubai la mahindi au la ulezi?"

"La ulezi."

Akatikisa kichwa bila kucheka, jambo lililonifanya nimpende. "Kila mwaka mwezi huu, mwalimu. Mtu anavuna, anaona turubai limekaa bure, analihurumia gari lake. Halafu upepo unapiga msasa bure."

Akaniambia nisogee. Akapangusa sehemu ya paa kwa kitambaa chenye maji, akaikausha, kisha akafumba macho na kupitisha ukucha wa kidole gumba polepole sana, kuikata ile mistari. Akapitisha tena, sehemu nyingine. Akafungua macho.

"Haukwami," akasema. "Lete mkono wako."

Nikaweka ukucha wangu. Ulipita laini kutoka mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba hakuna kitu. Akanieleza kwamba juu ya rangi ya gari kuna tabaka lingine lisilo na rangi, wao wanaliita kliya, na hilo ndilo linalong'aa na ndilo linaloumia kwanza. Mkwaruzo ukikamata ukucha, umeshaingia kwenye rangi na dawa yake ni kupaka upya. Usipokamata umeishia juu, na wa juu anaweza kuufuta. Ndiyo maana nilipomwaga maji yalijaza ile mifereji midogo na mikwaruzo ikapotea.

Nilishika mlango wa gari nikacheka, nikacheka peke yangu mpaka fundi akaniletea stuli. Tangu Jumamosi nilikuwa sijala chakula kikashuka vizuri, na pale gereji, katikati ya harufu ya thina, nikasikia njaa. Nikanunua mahindi ya kuchoma kwa mama aliyekuwa ng'ambo ya barabara, nikala mawili.

Nilikuwa naendelea kutafuna aliponiita. Alikuwa ameanza kwenye ukingo wa boneti, kwa mkono, na kompaundi laini, ile dawa ya kusugulia rangi, kwenye kitambaa cheupe. Akanionyesha kitambaa. Kilikuwa cha bluu.

"Hii ni rangi yenyewe," akasema. "Hapa kliya haipo. Imekwisha. Na siyo turubai lililofanya hivi. Turubai haliwezi kula kiasi hiki kwa siku tisa. Huyu mwenye gari anapiga polishi mara ngapi?"

"Kila Jumamosi."

"Waksi?"

"Zote mbili. Polishi kwanza. Miaka mitatu hivi sasa."

Aliweka kitambaa chini. Nilimuona anajitahidi kutomsema vibaya mzee wa mtu. "Polishi inakata, mwalimu. Kidogo, lakini inakata. Unaipiga mara moja kwa mwaka, gari likihitaji. Kila Jumamosi? Alikuwa anatafuta nini?"

Jibu lilinijia lote kwa pamoja na sikutaka kulisema mbele ya mtu. Alikuwa anatafuta kuutoa ule ukungu. Alisimama pale uani Jumamosi baada ya Jumamosi, akisugua rangi isiyokuwa na tatizo lolote, kwa sababu weupe ulikuwa ndani ya macho yake na yeye aliuona juu ya boneti. Na alikuwa akiniita. Njoo uangalie, linang'aa? Ningesogea hatua kumi tu, nikasimama karibu naye, nikaona yeye anaona nini, labda ningeelewa tangu mwanzo kwamba anasugua ukungu wa macho yake. Niliona aibu kali sana pale kwenye stuli ya fundi. Mimi ni mwalimu, na mwanafunzi wangu yeyote akianza kukaza macho ubaoni namhamishia mbele siku ileile.

Haikuchukua muda na mimi nikapata wazo baya. Nilikuwa na kisingizio. Ningeweza kumwambia baba kwamba rangi aliimaliza mwenyewe, fundi ni shahidi, na turubai langu likapita kimyakimya humo ndani. Nakiri nililibeba wazo hilo mpaka nyumbani. Nililitua nilipofika mlangoni, kwa sababu nilijiona nikimwambia mzee aliyetoka kupata jicho moja kwamba mikono yake ndiyo iliyoharibu kitu alichokipenda.

Fundi alilifanyia kazi siku tatu. Paa na milango alitumia mashine, lakini boneti aliimaliza kwa mkono, kidogokidogo, akigusa kwa kiganja kila mara kuona kama pamepata joto. Mimi nilikuwa nikitoka kwenye vipindi naenda kukaa pale. Siku ya mwisho alinionyesha mistari michache iliyobaki, kwenye ukingo wa paa na mbele ya boneti.

"Hii niiache. Nikiifuata nitatokea kwenye bati."

Akapaka waksi, akafuta. Gari lilisimama pale linaonyesha mawingu. Akaniambia kwamba kuanzia siku ile ni kuosha na waksi tu. Polishi nimkataze mzee. Nikamwambia mzee huyo hakatazwi. Akakunja kitambaa chake.

"Basi mfiche kopo."

Alhamisi nilikwenda stendi bila gari, kwa makusudi, nikakodi bajaji. Baba alishuka peke yake kwenye basi, amekataa kusindikizwa kwa sababu anaona, na miwani myeusi mikubwa ilikuwa imemkaa puani. Nikamsalimu shikamoo. Alinishika bega akanigeuza kidogo kwenye mwanga.

"Marahaba, mama. Una mvi."

"Zina miaka minne, baba."

"Sikujua," akasema, na njia nzima ndani ya bajaji alikuwa akisoma mabango ya maduka kwa sauti.

Tulipoingia uani hakwenda ndani. Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akabaki nacho. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akalizunguka polepole, mikono nyuma, kama alivyokuwa akikagua magari ya ofisi kabla ya safari. Alipofika upande wa pili wa paa akasimama. Haikuwa imepita hata dakika moja.

"Hapa kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama wima kama mwanafunzi ofisini: magunia, banda, turubai la ulezi, siku tisa za upepo, fundi, na picha ya uongo.

"Ya picha nilijua," akasema.

"Mimi ndiye niliyesema litolewe," mama akasema kutoka mlangoni. "Nigombeze na mimi."

Baba alisema kwa Kifipa neno moja ambalo sitaliandika. Nikaangalia chini. Nilikuwa nasubiri lile lingine, lile la kwamba hatoki tena kwenye nyumba hii, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia mdogo wangu.

Halikuja. Nilipoinua macho alikuwa amehamia kwenye boneti. Ukuta wa nyumba ulikuwa umeizibia jua, na ndani ya ile bluu paa letu na anga ya juu yake vilionekana vimesimama vizuri. Akavua miwani. Akaliziba jicho la kulia kwa kiganja, lile jipya, akainama na kuitazama boneti kwa la kushoto. Kisha akahamisha kiganja, akaitazama kwa la kulia. Akahamisha tena. Mama alitaka kusema kitu, nikamfanyia ishara aache.

Mara ya tatu baba alinyooka, kiganja bado kimeziba jicho jipya, akanigeukia na lile la zamani.

"Uko huku," akasema, akigusa shavu chini ya jicho la kushoto. "Ule ukungu. Uko huku. Halikuwa gari."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimelisugua maskini mpaka nimelichuna."

"Fundi amesema litapona. Ni waksi tu, polishi basi."

Akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, mama naye akacheka bila kujua vizuri tunacheka nini, chai ikamwagika, na mimi nikacheka nao. Machozi yalimtoka baba, akainua mkono ajifute, na mama akafika pale haraka kuliko nilivyowahi kumuona akitembea, akaukamata ule mkono hewani. Daktari alikuwa amekataza jicho lisiguswe. Akamfuta mwenyewe mashavu kwa ncha ya khanga, akikwepa macho.

"Mpigie mdogo wako," baba akaniambia akiwa bado ameshikwa. "Muulize hili la pili ni lini. Na mwambie nataka mapema, mvua zisinikute nasubiri."

Nilipiga palepale, nimesimama kati yao. Mdogo wangu alipopokea nilifungua mdomo na sauti ikagoma kutoka. Alisema haloo mara tatu, akaanza kuogopa, ikabidi baba anichukulie simu mkononi na kuuliza mwenyewe.